Kumrudishia Mwanafunzi Kazi Yake: Namna ya Kumsaidia Anayesuasua Masomoni



Kila mwaka mwezi Januari, watoto wengi wa parokia zetu hapa Tanzania huanza kidato cha kwanza. Wana sare mpya na madaftari mapya, na wazazi wao wamejinyima mengi ili wafike hapo. Miezi michache baadaye baadhi yao huanza kunyamaza. Darasani hawaulizi, nyumbani hawasimulii walichojifunza, na alama za majaribio zinashuka. Mwishoni mwa mwaka wa pili unakuja mtihani wa upimaji wa kitaifa. Asiyefikia kiwango hukariri kidato, na wapo ambao wakishakariri hukata tamaa moja kwa moja. Kijana wa namna hiyo hatumpotezi darasani tu. Wakati mwingine hujitenga pia na kwaya, na VIWAWA, hata na jumuiya, kwa sababu anaona aibu mbele ya wenzake waliosonga mbele.

Sisi mafrateri tunaosoma falsafa, tunapokwenda utume wakati wa likizo au mwisho wa juma, huombwa jambo hili na wazazi wengi: “Frateri, tusaidieni huyu mtoto, masomo yanamshinda.” Makala hii inajaribu kulijibu ombi hilo. Tunawaandikia waseminari wenzetu wanaokutana nalo huko maparokiani, na tunawaandikia waamini wenyewe: wazazi, makatekista, walimu wastaafu, na vijana waliomaliza shule ambao wangeweza kuwasaidia wadogo zao.

Hoja yetu ni moja. Mwanafunzi anayesuasua hasaidiwi kwa kutafutiwa mtu wa kujifunza kwa niaba yake. Anasaidiwa kwa kurudishiwa kazi ya kujifunza aifanye mwenyewe, ikiwa imegawanywa vipande vidogo anavyoweza kuvibeba.

1. Kwa nini mtoto hunyamaza

Kabla ya kutoa dawa ni vema tujue ugonjwa. Tunaposema haraka kwamba mtoto ni mvivu au hana akili, tunafunga mlango wa kuuliza nini hasa kimetokea. Sababu tunazokutana nazo mara nyingi ni nne.

Ya kwanza ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Anapoingia sekondari, masomo mengi yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwezi Novemba aliweza kueleza usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Mwaka unaofuata anakuta jambo lile lile limevaa nguo asiyoitambua. Hakuwa mjinga katika likizo ile ya Desemba. Amepoteza chombo alichokuwa anafikiria nacho, na hajapata kingine.

Ya pili ni wingi wa wanafunzi darasani. Tangu Januari 2016, serikali ilipoondoa ada katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wamepata nafasi ya kusoma. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini katika shule nyingi madarasa yamejaa, na hata mwalimu mwenye moyo hawezi kumfikia kila mmoja. Katika darasa la namna hiyo ni rahisi mtoto kukaa miaka miwili bila kuulizwa swali hata moja, akinakili tu kilichoandikwa ubaoni.

Ya tatu ni mashimo katika msingi. Mtoto aliyekosa wiki tatu darasani akiwa darasa la tano kwa sababu ya malaria, wakati wenzake wanafundishwa sehemu na desimali, hubeba shimo hilo hadi sekondari. Kila mada mpya inayosimama juu ya sehemu inaporomoka, naye hajui kwa nini.

Ya nne ni hofu. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste, mji ulioko katika nchi inayoitwa leo Algeria, anaieleza vizuri katika Maungamo. Akiwa mtoto alichukia Kigiriki, kilichofundishwa kwa vitisho na adhabu kali. Kilatini alikuwa amekipata mapema kutoka kwa walezi wake, katikati ya vicheko na michezo, bila kutishwa na mtu. Kutokana na hayo anaona kwamba hamu huru ya kujua humfundisha mtu lugha kuliko hofu inavyoweza. Mtoto anayechekwa kila anapokosea Kiingereza hujifunza jambo moja kwa uhakika, nalo ni kufunga mdomo.

Tuongeze tahadhari. Kuna mtoto asiyeona ubao vizuri, na mwingine asiyesikia sawasawa, na mwingine anayekwenda shule bila kula. Kabla ya kumpangia mtoto masomo ya ziada, tumwulize kama anasoma ubaoni au ananakili kutoka kwa jirani yake. Miwani inaweza kumfaa kuliko tuisheni ya mwaka mzima.

2. Nani anayejifunza?

Swali hili linaonekana jepesi, lakini falsafa imelishughulikia kwa karne nyingi. Mtakatifu Thomas wa Akwino alilijadili katika Maswali juu ya Ukweli, kazi aliyoiandika Paris kati ya mwaka 1256 na 1259. Aliuliza kama mwanadamu anaweza kweli kumfundisha mwanadamu mwenzake. Katika kujibu alitumia mfano wa daktari. Mgonjwa anapopona, kinachoponya hasa ni nguvu ya asili iliyomo ndani ya mwili. Daktari hutoa dawa na kuisaidia nguvu hiyo, lakini hawezi kupona kwa niaba ya mgonjwa. Vivyo hivyo mwalimu. Mwanga wa akili umo tayari ndani ya mwanafunzi, umewekwa na Mungu, na kazi ya mwalimu ni kuusaidia ufanye kazi yake.

Thomas anatoa pia onyo ambalo kila anayefundisha tuisheni angepaswa kulikumbuka. Ukimpa mwanafunzi jibu bila kumwonyesha linavyotoka katika mambo anayoyajua tayari, anaweza kukuamini au kuwa na maoni, lakini hajapata maarifa. Jibu hilo bado ni la kwako.

Karne nyingi kabla ya Thomas, Plato alitoa mfano mwingine katika mazungumzo yanayoitwa Meno. Sokrate anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kusoma jiometri. Anamchorea mraba wenye ubavu wa futi 2, ambao eneo lake ni 4, kisha anamwuliza: mraba wenye eneo mara mbili, yaani 8, utakuwa na ubavu gani? Kijana anajibu haraka kwamba ubavu nao uzidishwe mara mbili, uwe 4. Sokrate hamkemei wala hamtajii jibu. Anamwongoza kuhesabu, na kijana anajionea mwenyewe kwamba eneo linakuwa 16. Anajaribu 3, anapata 9. Sasa amekwama, na anakiri kwamba hajui. Sokrate anaona hapo kijana amepiga hatua, kwa kuwa awali alidhani anajua na sasa ana sababu ya kutafuta. Kwa maswali mengine anafika penyewe: mstari unaokatiza mraba wa kwanza kutoka kona hadi kona ndio ubavu wa mraba unaotafutwa.

Hatulazimiki kukubali maelezo yote ya Plato kuhusu roho ili tufaidike na mfano huu. Yatosha kuona mambo mawili. Kosa la mwanafunzi linatuonyesha njia akili yake inakopita. Na kukwama, pakiwepo mtu mwenye subira, ni mlango wa kujifunza.

3. Hatua za kumsaidia

Sasa tushuke kwenye vitendo. Tunapendekeza hatua tano. Hazihitaji fedha nyingi, bali zinahitaji uaminifu wa kurudia, maana haba na haba hujaza kibaba.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali alipokwama. Tumchukue mwanafunzi wa kidato cha pili anayesema hajui aljebra. Mpe swali hili: 3x + 7 = 1. Mwache aandike, nawe nyamaza. Anaandika 3x = 1 − 7, halafu 3x = 6, na mwisho x = 2. Mtu mwenye haraka angeweka alama ya kosa na kurudia kufundisha aljebra yote. Lakini tazama vizuri: aljebra anaijua. Alihamisha 7 sawasawa na aligawanya sawasawa. Amekwama kwenye 1 − 7, jambo la namba hasi. Basi mwulize: “Una shilingi 1 mfukoni, na dukani unadaiwa 7. Ukilipa hiyo uliyo nayo, hali yako ikoje?” Atasema bado anadaiwa 6. Hapo ataandika mwenyewe −6, na x itakuwa −2.

Halafu mfundishe kujisahihisha. Arudishe 2 kwenye swali: mara 3 ni 6, ongeza 7 unapata 13, wala si 1. Arudishe −2: mara 3 ni −6, ongeza 7 unapata 1. Sasa ana namna ya kujua kama amepata bila kumsubiri mwalimu wala frateri. Mtoto mwenye silaha hiyo hubadilika hata namna anavyoshika kalamu.

Hatua ya pili: ajiandae kabla ya kipindi. Wengi wetu tumezoea kwamba kusoma ni jambo la baada ya kufundishwa. Kwa mtoto anayepambana na lugha, dakika 15 za jioni iliyotangulia zina thamani kubwa kuliko saa nzima ya baadaye, kwa sababu zinamfanya aingie darasani akiwa na kitu cha kushikilia. Afungue kitabu cha kiada kwenye mada ya kesho. Asome vichwa vya habari na kutazama michoro. Achague maneno matano asiyoyajua, ayaandike kwenye daftari dogo pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Mwisho aandike swali moja ambalo angependa lijibiwe. Asiye na kitabu anaweza kusoma pamoja na mwenzake, au kutumia simu ya mzazi kwa muda uliopangwa, kwani Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni.

Mathalani mada ya kesho ni mmeng'enyo wa chakula. Swali lake laweza kuwa hili: kwa nini ugali ukitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu mdomoni? Ni swali la mtoto wa Kitanzania anayekula ugali kila siku, na linagusa kiini cha mada: mate yana kimeng'enya kinachoanza kugeuza wanga kuwa sukari. Mtoto aliyekwenda na swali hilo hatakaa kama gunia linalosubiri kujazwa. Atakuwa anasikiliza ili apate jibu lake.

Hatua ya tatu: aulize angalau swali moja kwa siku. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mtoto aliyewahi kuchekwa haamini hivyo mpaka azoezwe. Tumzoeze kwanza katika kikundi kidogo, ambako tunaweka sheria kwamba hakuna kumcheka mtu. Tumfundishe pia namna ya kuuliza. Kusema “sijaelewa” ni mwanzo, lakini mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kujua aanzie wapi. “Nimeelewa mpaka hapa, ila sijaona 6 imetoka wapi” ni swali linalojibika kwa nusu dakika. Akishindwa kuuliza darasani, amfuate mwalimu baada ya kipindi, amsalimu kwa heshima na kumwonyesha daftari lake. Walimu wengi hufurahi kumwona mwanafunzi aliyekuja na swali lililopimwa.

Na tusione aibu kulieleza hili kwa imani. Bwana wetu alipokuwa na miaka kumi na miwili, Maria na Yosefu walimkuta hekaluni katikati ya walimu. Mwinjili Luka anatuambia kwamba aliwasikiliza, na pia aliwauliza. Kusikiliza na kuuliza vilikaa pamoja.

Hatua ya nne: afunge daftari na kukumbuka. Hapa ndipo bidii nyingi hupotea. Mtoto husoma daftari mara tano, anaona maneno yamezoeleka machoni, anadhani anajua. Kwenye chumba cha mtihani daftari halipo, na alichozoea kimeondoka nalo. Mwaka 1885 mtaalamu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza husahaulika mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yana faida kuliko marudio yaliyorundikwa mara moja. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baadhi ya vifungu wanafunzi walivisoma tena, na vingine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa wamehifadhi mengi zaidi.

Basi mazoezi yawe hivi. Jioni ya siku ile ile mtoto anafunga daftari, anachukua karatasi tupu, na kuandika kila anachokumbuka kwa maneno yake. Kisha anafungua daftari na kujaza alichoacha kwa kalamu ya rangi nyingine. Anarudia baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Zile rangi zitamwonyesha mahali pa kuweka nguvu. Mwanzoni atachukia zoezi hili, kwa sababu linamfunua. Tumwambie ukweli kwamba ugumu anaousikia ndio kazi yenyewe ya kujifunza.

Hatua ya tano: amweleze mwingine. Mwanafunzi aeleze mada kwa mwenzake, kwanza kwa Kiswahili mpaka maana ikae, kisha ajaribu kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Mpangilio huu ni muhimu. Mtoto anayekariri ufafanuzi wa Kiingereza bila kujua maana yake ana sauti tu mdomoni. Anayejua maana kwa Kiswahili ana kitu cha kutafutia maneno. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tusiishie kwenye Kiswahili, lakini tupitie hapo.

4. Kikundi cha Jumamosi

Wanaotaka kuanza katika parokia au kigango wanaweza kufuata mpangilio rahisi wa dakika 90, wakiwa na wanafunzi 6 hadi 8. Dakika 10 za mwanzo ni za sala fupi na kuandika kila mmoja anachokumbuka kutoka juma lililopita. Dakika 15 ni za kupitia makosa: kila mmoja analeta swali moja alilokosa shuleni na kueleza alifikiri nini. Dakika 40 ni za mada moja tu, kwa kujaribu maswali, msaidizi akizunguka na kuuliza. Dakika 15 wanafundishana wawili wawili. Dakika 10 za mwisho wanafungua mada ya juma lijalo, wanachagua maneno matano na kuandika swali.

Katika mpangilio huu msaidizi anazungumza kidogo. Hilo ni gumu kwetu waseminari, maana tunapenda kuhubiri. Kanuni inayofaa ni kwamba kalamu ikae mkononi mwa mwanafunzi. Tukimnyang'anya kalamu ili “tumwonyeshe haraka”, tumejifunza sisi.

Kazi hii ifanyike kwa uwazi. Paroko aidhinishe, wazazi wajue siku na saa, na mahali pawe panapoonekana na watu, kama ukumbi wenye milango iliyo wazi. Msaidizi asikae na mtoto mmoja faraghani, na asijenge urafiki wa zawadi na siri. Kumlinda mtoto ni sehemu ya kumfundisha.

5. Nyumbani

Wazazi wengi hutuambia: “Mimi sikusoma sekondari, nitamsaidiaje?” Wanaweza sana. Jioni badala ya kuuliza tu “umepata ngapi?”, mzazi aulize “leo umeuliza swali gani?” Kisha amwambie mtoto: “Nieleze mlichojifunza, mimi nataka kujua.” Mama anayesikiliza huku akipepeta mchele, akasema kwa kweli “hapo sijaelewa, hebu rudia”, anamfanyia mwanawe kazi ya Sokrate bila hata kumjua Sokrate.

Kazi za nyumbani ni malezi mema, hatusemi ziondolewe. Ila zigawanywe kwa haki. Mara nyingi binti anarudi shuleni, anachota maji, anapika, anaosha vyombo, na anafungua daftari saa nne usiku huku macho yanafumba, wakati kaka yake yuko uwanjani tangu saa kumi. Nusu saa iliyolindwa mapema jioni, kukiwa na mwanga na meza, ni haki ya wote wawili. Nyumba isiyo na mwanga ielekezwe kwenye ukumbi wa parokia, na parokia ione gharama ya taa hiyo kama sadaka.

Na tuache kuwalinganisha watoto. “Mbona mwenzako ameweza?” ni maneno yanayomfanya mtoto afiche madaftari, na tukishafichwa makosa hatuna pa kuanzia.

6. Padre aliyeshindwa Kilatini

Msimamizi wa maparoko wote aliwahi kuwa mwanafunzi anayesuasua. Yohane Maria Vianney alizaliwa mwaka 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na Lyon, Ufaransa. Utoto wake uliangukia katika Mapinduzi ya Kifaransa, alifanya kazi za shamba, na shule aliipata kidogo na kwa kuchelewa. Alipotaka kuwa padre alikuwa kijana wa miaka kama 20, akakutana na Kilatini, na Kilatini kikamshinda. Mwaka 1813 aliingia seminari ya Lyon, ambako masomo yalitolewa kwa lugha hiyo. Baada ya miezi michache aliondolewa kwa kushindwa kufuatilia.

Padre Balley, paroko wa Écully, hakumwacha. Alimpokea tena nyumbani mwake na kuendelea kumfundisha kwa Kifaransa, lugha aliyoweza kufikiri nayo. Alipohojiwa tena kwa lugha hiyo, alijibu kwa kuridhisha. Mwaka 1815 alipewa daraja la upadre, na mwaka 1818 akatumwa Ars, kijiji kidogo ambacho baadaye watu walikimiminikia kutoka mbali ili waungame kwake. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1925.

Tuone alichofanya Padre Balley. Hakufanya mtihani kwa niaba yake, wala hakuomba kiwango kishushwe kiasi cha kutokuwa na maana. Alitafuta mahali alipokwama, akaliondoa jiwe la lugha, na kumwachia Vianney kazi ya kuelewa. Kanisa lingempoteza mtakatifu huyo kama paroko mmoja angekubaliana na wale waliosema hawezi. Hatujui ni nani amekaa kimya leo kwenye benchi la nyuma katika shule za kata zetu.

Haya yanatuhusu sisi wenyewe seminarini pia. Mwaka wa kwanza wa falsafa unaleta Mantiki, Metafizikia na Kilatini kwa pamoja, na ndugu mwingine hunyamaza mezani tangu matokeo ya kwanza yatoke. Kumwazima muhtasari wetu ni wema, lakini kukaa naye nusu saa na kumwomba atueleze hoja moja kwa maneno yake ni wema mkubwa zaidi. Anayejizoeza hivyo na ndugu yake atakuwa paroko anayejua kumfundisha mkatekumeni bila kumkaririsha tu.

Hitimisho

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuachia picha nzuri ya msaada wa namna hii. Mwethiopia mmoja alikuwa garini akirejea kutoka Yerusalemu, akisoma kitabu cha nabii Isaya bila kuelewa. Filipo alimkaribia na kuanza kwa swali: anaelewa anachosoma? Mwethiopia hakuona aibu kusema kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda, akaketi naye, na kuanzia pale pale kwenye andiko alilokuwa analisoma. Baada ya ubatizo Filipo aliondolewa machoni pake, na yule mtu akaendelea na safari yake kwa furaha.

Huo ndio mwisho mwema wa kumsaidia mwanafunzi: kwamba siku moja hatatuhitaji, na ataendelea na njia yake. Tunawaalika basi, ndugu wasomaji, kila mmoja amtafute mtoto mmoja tu katika jumuiya yake aliyeanza kunyamaza, aketi naye Jumamosi hii, na amwulize kwa upole alipokwama.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee.